Hatua za Bi. Mize

Ilikuwepo, na sina habari kama bado ipo, nchi moja iliyopenda sana kutembea. Jina lake nimeombwa nisilitaje, na mimi ni mtu wa kuombwa nikakubali. Kiongozi wake aliitwa Mtangulizi wa Taifa, kwa sababu kila mahali alitangulia, ingawa kila mahali alikwenda kwa gari. Siku moja Mtangulizi aliamka na fikra. Wananchi wakagundua hivyo redio ilipopiga matarumbeta saa nzima mfululizo.

Fikra yenyewe ilikuwa hii: kila mtu mzima apewe Simu ya Taifa, bure, na simu hiyo ihesabu hatua zake. Wizara ya Hatua iliundwa siku hiyo hiyo. Kifungu cha tisa cha sheria yake kilisema simu haitatenganishwa na raia, awe macho au amelala, mpaka raia huyo afutwe rasmi kwenye daftari.

Kisha likaja jambo la maji. Nchi ilikuwa na vijiji mia nne na kumi na viwili vinavyolilia visima, na serikali ilikuwa na mashine moja ya kuchimbia. Wizara ikasema, kwa busara ambayo hata mimi niliipigia makofi: kijiji chenye hatua nyingi ndicho chenye watu wanaokwenda mbali kutafuta maji. Basi vijiji kumi vya kwanza kwa hatua vipewe visima kumi vya mwaka. Nani angepinga? Ni hesabu tupu, haina ndugu wala jirani.

Matokeo ya kwanza yakatoka. Aliyeongoza taifa zima alikuwa Mtangulizi mwenyewe, hatua elfu thelathini na moja kwa siku. Kisima cha kwanza kikachimbwa Ikulu, karibu na bwawa la kuogelea. Wa pili alikuwa fundi cherehani mmoja mwenye mguu mmoja, ambaye hakuwa ametoka dukani kwake tangu Jumatatu. Alivishwa nishani ya Mtembezi Hodari, na kwa kuwa alishindwa kupanda ngazi za jukwaa, nishani ikashushwa chini kumfuata.

Cha mwisho kabisa, namba mia nne na kumi na mbili, kilikuwa kijiji cha Ukavuni. Mbele ya jina lake Wizara iliandika: "Wananchi waliotulia."

Mshamu aliyasoma maneno hayo ofisini kwake. Alikuwa fundi wa Wizara, mtu wa miaka thelathini na tatu, mpole mpaka anakera, mwenye kitambulisho cha utepe wa buluu. Na alizaliwa Ukavuni. Mama yake, Bi. Mize, alikuwa huko huko, na kutoka mlangoni kwake mpaka mtoni ni saa mbili kwa mguu. Kwenda. Kurudi ni saa mbili na nusu, maana ndoo imejaa.

"Waliotulia!" alisema peke yake. Akaomba likizo.

*

Alimkuta mama yake uani anakunja ngata, lile duara la khanga kuukuu ambalo wanawake huliweka kichwani chini ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mnakula hatua?"

"Simu yako iko wapi?"

Bi. Mize akajipapasa kiunoni. Simu ya Taifa ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, pale ambapo wenzake huficha ugoro. "Iko hapa, nalala nayo. Mjumbe kasema nikiivua nafungwa."

Wakaondoka pamoja. Bi. Mize mbele, ndoo kichwani na kopo la kuchotea likiwa limewekwa tu ndani yake, Mshamu nyuma. Mama alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na tangu akiwa na saba alikuwa anakwenda na kurudi njia ile. Mshamu alikuwa ameuona mwendo ule maisha yake yote bila kuutazama. Siku ile aliutazama. Magoti yalilegea kidogo, nyayo zilishuka chini taratibu, nyonga zikauchukua uzito zikaumaliza huko huko, na kuanzia mabegani kwenda juu hakuna kilichotikisika. Kopo halikugonga ndoo hata mara moja.

Walipofika mtoni, mama akajaza ndoo, wakaanza kupanda. Hapo Mshamu akahesabu kwa mdomo, hatua mia moja kamili. Akamwomba mama asimame, akasoma simu.

Nne.

"Na hizo nne," alisema Bi. Mize, "tatu ni pale nilipojikwaa na moja nilipiga chafya."

Mshamu akaketi juu ya jiwe. Yeye ndiye aliyepaswa kujua, na sasa alijua. Ndani ya simu mna kidude kidogo mno, kazi yake ni kuhisi mtikiso. Mtu akitembea mwili hupanda na kushuka, na kidude huchora vilima na mabonde. Wizara imepiga mstari. Kilima kikivuka mstari, hiyo ni hatua. Gari likirukaruka kwenye mashimo linachora vilima vizuri kuliko miguu. Cherehani vile vile. Lakini mwanamke aliyefundishwa tangu utoto asimwage tone, yeye vilima vyake ni vidogo mno, vinapita chini ya mstari. Kadiri anavyotembea kwa ustadi ndivyo anavyohesabiwa kuwa amekaa.

"Kwa hiyo serikali inaniona vipi?" mama aliuliza, ndoo bado kichwani.

"Inaona umelala, mama."

"Lo!" alisema Bi. Mize. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ndoo haikumwaga. Halafu kicheko kikakatika. "Siku njema hiyo. Niambie nimelala wapi, nikajifunike."

*

Likizo nzima Mshamu alikaa nyuma ya mama yake, asubuhi na alasiri, akihesabu kwa mdomo na kuandika. Akaupa mgongo mstari wa Wizara. Badala ya kuuliza kilima kina urefu gani, akaifundisha simu kuuliza kama vilima vinafuatana kwa nafasi sawa, na kama mwili unaegemea kulia kisha kushoto. Mwendo wa mtu una pumzi yake, gari halina. Hesabu mpya ilimpa mama yake hatua tisini na saba katika mia. Mjini akaijaribu kwenye cherehani: sifuri. Kwenye gari, barabara mbovu: sifuri. Moyo ukamdunda kwa furaha, masikini, akaipeleka kwa bosi wake.

Mkurugenzi Tindwa alikuwa mtu mnene wa shingo na mwembamba wa maswali. Alisikiliza akitikisa kichwa, akasifu, akaagiza chai. Kisha akasema, "Hebu tuanze na mfano wa juu kabisa." Wakafungua kumbukumbu za Mtangulizi wa Taifa, wakapitisha hesabu mpya.

Mia mbili na kumi na mbili. Kitandani mpaka mezani, mezani mpaka garini, na kurudi.

Chai ikapoa. Mkurugenzi akasimama akafunga mlango, akafunga dirisha, akafunga na pazia.

"Kijana," alisema kwa sauti ya chini, "usahihi ni kitu kizuri, lakini lazima uwe na adabu. Unakumbuka yule mhandisi aliyeziba mashimo ya barabara ya Ikulu?"

Nani asiyemkumbuka? Mhandisi yule alifanya kazi ya mfano, barabara ikawa laini, na wiki ile ile afya ya Mtangulizi ikaporomoka kwenye takwimu kutoka elfu thelathini na moja mpaka elfu mbili. Madaktari waliitwa. Mhandisi alihamishiwa kisiwa kisicho na barabara, na mashimo yakarudishwa yote, kila moja mahali pake, na sasa yanalindwa na askari.

"Sasa wewe unataka kuniambia," aliendelea Mkurugenzi, "kwamba Mtangulizi wetu hatembei, ila bibi mmoja wa Ukavuni ndiye anayetembea?"

"Ni mama yangu, Mkurugenzi."

"Basi hata adabu ya nyumbani huna! Kumweka mama yako mbele ya Mtangulizi!"

Hapo ndipo Mshamu alipaswa kusema neno. Nimelitafuta neno hilo katika kumbukumbu za mkutano ule, sikuliona. Lililoandikwa ni: "Ndiyo, Mkurugenzi."

Wizara haikukaa bure, lakini. Ilikiri kuna tatizo kati ya simu na raia, na kwa kuwa simu zilishanunuliwa, ikaamua kumrekebisha raia. Ukatoka Waraka Namba Saba, Mwongozo wa Mwendo Sahihi. "Raia ainue goti hadi usawa wa kiuno. Akanyage ardhi kwa moyo wa kizalendo. Mwendo wa kunyapa, wa kuelea, au wa kuteleza ni mwendo wa kuificha serikali hatua, na utahesabiwa kuwa ukwepaji." Na kwa kuwa Mshamu alikuwa mwenyeji, yeye ndiye aliyetumwa kuusoma Ukavuni.

*

Aliusoma uwanjani, jua la saa nne. Wanaume walisikiliza kutoka barazani kwenye bao lao. Hatua zao wao zilikuwa chache kihalali. Wanawake walisimama na ndoo. Alipomaliza, jirani yao Mwajabu, mwenye mtoto mgongoni, akajaribu. Aliinua goti hadi kiunoni, akakanyaga kwa moyo wa kizalendo, na nusu ndoo ikamshukia yeye na mtoto. Watu wakaangua kicheko.

"Haya, mheshimiwa," alisema Mwajabu akijipangusa, "tuchague sasa. Tuhesabiwe au tunywe?"

Mshamu akaupekua waraka kutafuta jibu. Waraka haukuwa nalo.

Nyumbani mama alimwandalia uji, akakaa mbele yake kwenye kigoda.

"Hawa watu wako, hukuwaambia?"

"Niliwaambia, mama. Wakakataa."

"Uliwaambia mara ngapi?"

Mshamu akakoroga uji usiohitaji kukorogwa. "Mara moja."

"Mara moja," alirudia mama. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Mimi mtoni nakwenda mara mbili kwa siku."

Akanyanyuka akaenda kwa wenzake. Mwezi wa Hesabu ulikuwa unaanza kesho yake, siku thelathini ambazo zingeamua visima vya mwaka. Bi. Mize aliwakusanya wanawake nyuma ya nyumba yake, akagawa kazi.

"Nyie wenye watoto wachanga, bebeni maji kama kawaida. Msimwage. Sisi wazee tutabeba hesabu."

"Mtaibebaje, Bi. Mize?" aliuliza Mwajabu.

"Tutaruka. Si wanataka kuruka?"

Mshamu alitaka kumzuia. Alimweleza kwamba si lazima kuruka. Akiacha ndoo nyumbani, akatembea kawaida tu kama watu wa mjini, simu itahesabu. Mama akaweka ndoo chini, akatembea mpaka uzioni na kurudi. Simu ikasema sifuri. Wakajaribu tena, na tena. Shingo yake haikujua namna nyingine. Miaka sitini na moja ndoo ilikuwa juu ya kichwa kile, na hata ilipokuwa haipo bado aliibeba.

"Basi nitaruka," alisema. "Nenda kazini kwako, baba. Ukaangalie huko kwenye kioo chako. Ukiona nukta inawaka, ni mimi."

*

Kazini kwake Mshamu alikuwa na skrini ukutani, ramani ya nchi nzima, na kila raia ni nukta. Siku ya kwanza nukta moja ilianza kuwaka Ukavuni, kwenye mteremko wa mtoni. Hatua mia na kumi. Siku ya tatu, mia nne. Ilipumzika, ikawaka, ikapumzika. Akawa anaiwekea kikombe cha chai karibu, anaitazama kama mtu anayetazama dirisha la nyumba yao. Siku ya nane, mia saba na tisini. Alimpigia simu.

"Magoti yanasemaje, mama?"

"Yananitukana. Lakini umeniona?"

"Nimekuona, mama."

"Ehee! Leo serikali inajua niko macho."

Siku ya tisa nukta iliwaka asubuhi. Mia moja, mia mbili, mia tatu na arobaini na moja. Kisha ikakoma. Mshamu alisubiri. Alijiambia amepumzika, amekutana na mtu, amekaa kivulini. Saa saba mchana simu ikaita. Alikuwa Mwajabu, akasimulia huku anahema.

Bi. Mize alikuwa ameteleza kwenye mawe, pale penye mwinuko, goti likiwa juu usawa wa kiuno kama waraka ulivyoagiza. Kisogo kilitangulia. Mwanamke ambaye hakuwahi kujikwaa akamwaga ndoo, aliangushwa na mwendo sahihi.

Mshamu alilia ofisini mbele za watu, kwa sauti, kama mtoto. Mkurugenzi Tindwa alimpa siku mbili za msiba na fomu ya kukiri kwamba amezipokea.

*

Walimwosha, wakamkafini. Mjumbe wa kijiji akaja amebeba nakala ya sheria, uso umemsawajika. Jina la marehemu bado halijafutwa kwenye daftari, alisema. Fomu imekwenda mjini, majibu ni siku arobaini. Na kifungu cha tisa ni kifungu cha tisa.

"Unataka azikwe na simu?" Mshamu aliuliza.

"Hasha! Asizikwe nayo. Lakini mpaka kaburini, bwana, naomba iende naye. Nina watoto."

Wakaiweka kwenye jeneza, chini ya shuka, ubavuni pake. Na mnajua jinsi maiti inavyochukuliwa kwetu. Hakuna anayetembea pole pole. Wanaume wote wa Ukavuni waliacha bao; walikuja na wa vijiji vya jirani, maana Bi. Mize alikuwa ameshika watoto wa nusu ya watu wale walipozaliwa. Kila mmoja alitaka thawabu ya bega lake, huyu anaingia, huyu anatoka, jeneza linapokezanwa mkono kwa mkono, linapanda na kushuka juu ya vichwa, mbio mbio, mpaka makaburini upande wa pili wa kilima. Simu zao wenyewe zilikuwa mifukoni mwa kanzu, zikigonga vifua.

Pale ukingoni mwa kaburi Mshamu aliingiza mkono chini ya shuka, akaitoa simu. Kioo kilikuwa kinawaka.

"HONGERA! Leo umetembea hatua 5,118. Umevunja rekodi yako. Endelea hivyo hivyo!"

Aliisoma mara mbili. Kisha akaiweka mfukoni, akashuka kaburini kumpokea mama yake.

*

Mwezi wa Hesabu ukaisha. Ukavuni ilipanda kutoka namba mia nne na kumi na mbili mpaka namba kumi. Siku moja tu ndiyo iliyoibeba, siku ambayo kijiji kizima kilitembea kwa pamoja, kwa kasi, kuelekea mahali pamoja. Wizara iliona jambo hilo ni la kutia moyo. Na kwa kuwa kanuni inasema kisima kichimbwe pale ambapo hatua nyingi zinaishia, mahali pa kuchimba palijichagua penyewe. Karatasi ikaletwa kwa Mshamu aigonge muhuri.

Safari hii hakuigonga. Alikwenda nayo kwa Mkurugenzi bila kuitwa, bila kubisha hodi.

"Pale ni makaburini, Mkurugenzi."

"Yana hatua ngapi hayo makaburi?"

"Ni makaburi! Yule anayeongoza hapa, huyu wa elfu tano, ni mama yangu. Alikuwa amekufa. Alikuwa amebebwa!"

Mkurugenzi alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli, sitaki kumsingizia. "Mshamu, marehemu mama yako amekipatia kijiji chake kisima. Wewe unataka kukiondoa? Kwa nini humtakii heri mama yako?" Akauchukua muhuri, akagonga mwenyewe.

Mara ya pili hiyo kuwaambia. Mshamu aliihesabu.

Mashine ikaja, ikachimba hatua nane kutoka miguuni pa Bi. Mize. Maji yalipanda safi, baridi, matamu, ya kutosha vijiji vitatu. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi Tindwa alihutubia kutoka juu ya kiti, maana jukwaa lingekanyaga kaburi la mtu. "Ndugu wananchi! Kuna wanaosema serikali haiwaoni! Serikali imewaona mnakimbilia wapi, ikawafuata mpaka huku!" Akafungua bomba, akanywa glasi nzima, akapangusa midomo. Bendi ikapiga.

Wanawake wa Ukavuni walisimama nje ya uzio wa makaburi na ndoo zao tupu, wamejitanda. Waliangalia maji yakimwagika kwenye udongo wa wazee wao. Hakuna aliyefika bombani. Mwajabu alimtafuta Mshamu kwa macho, na Mshamu hakuwa na mahali pa kuyaficha yake. Halafu Mwajabu akakunja ngata, akaiweka kichwani, akaweka ndoo juu yake, akageuka. Wenzake wakafuata. Walishika njia ya mtoni, mmoja nyuma ya mwingine, wala kopo halikugonga ndoo.

Mwishoni mwa mwezi Wizara ilitoa ripoti, nami nilipewa nakala. Ukavuni imerudi namba mia nne na kumi na mbili. Tangu wapate kisima, ripoti inasema, wanawake wa kijiji kile hawatembei tena, wanapumzika. Lengo limetimia.

Mshamu hayupo tena Wizarani. Ukienda Ukavuni asubuhi utamkuta njiani, nyuma ya wale wanawake, na daftari la shule mkononi. Anahesabu kwa mdomo. Akipotewa na hesabu, hurudi nyuma mpaka mlangoni kwa mama yake, akaanza tena na moja.